"Alitumwa tu": habari ya nyambizi U-852 na watu waliotii



Wiki iliyopita niliandika juu ya amana za watu, na chini ya andiko lile yakaja maneno mengi. Neno lililojirudia kuliko yote ni hili: "Shehe, huyo alitumwa tu." Karani alitumwa na mkubwa wake. Mgambo alitumwa na mtendaji. Mpimaji aliambiwa achezee mizani, naye ana watoto wanataka kula. Mmoja akanikumbusha kwamba wahenga walisema mjumbe hauawi. Ni kweli walisema, lakini walimsema mjumbe aliyebeba maneno. Aliyebeba panga hakuwemo katika methali ile.

Nimeona nisijibu kwa mistari miwili. Leo nawapa habari ndefu ya watu waliotumwa, wakafikishwa mahakamani, wakaulizwa swali hilihili mnaloniuliza. Tafuteni mahali pa kukaa, chai iwe karibu.

Najua mtashangaa imamu wa Kanazi, huku Ngara, anazungumzia nyambizi. Kutoka hapa hadi bahari ya Mombasa ni kama kilomita 1,000, na maji tunayoyajua sisi ni ya Ruvubu na Kagera. Lakini nilipokuwa kijana palikuwa na mzee katika msikiti wetu, Allah amrehemu, aliyepigana Burma katika jeshi la Mfalme. Yeye hakuwa akisimulia risasi. Alisimulia meli. Alisema usiku walikatazwa hata kuwasha sigara juu ya sitaha, na kwamba walilala wamevaa maboya, kwa sababu chini ya maji kulikuwa na chombo kisichoonekana. Sisi watoto wa milimani tulidhani ni habari za majini. Shule ya sekondari ndiyo iliyonifundisha kwamba chombo hicho kina jina, kina injini na kina watu ndani yake, na tangu hapo nimekuwa nikisoma habari zake kila ninapozipata.

Nyambizi ya leo ni ya Wajerumani. Haikuwa na jina, ilikuwa na namba: U-852. Ilijengwa Bremen, ikakabidhiwa kwa jeshi la maji mwezi Juni 1943. Ilikuwa ndefu kama mita 87, ya aina iliyotengenezwa kwa safari za mbali, yenye uwezo wa kwenda zaidi ya maili 20,000 za baharini bila kuongeza mafuta. Nahodha wake aliitwa Heinz-Wilhelm Eck, mtu wa Hamburg. Januari 1944 waliondoka Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, watu zaidi ya 60 ndani ya bomba la chuma. Walitakiwa kuzunguka Afrika yote, wapite rasi ya kusini, waingie Bahari ya Hindi wakawinde meli. Eck hakuwa ametimiza miaka 28. Ilikuwa safari yake ya kwanza ya vita akiwa nahodha wa nyambizi, na ndiyo ikawa ya mwisho.

Kabla ya kuondoka alionywa kwamba nyambizi za aina yake zilizomtangulia zilizamishwa kwenye njia ileile, bahari ya Atlantiki, na kwamba ndege za adui zinatafuta kila alama juu ya maji. Likumbukeni onyo hilo. Mtu akitiwa hofu kisha akapewa silaha, hofu ile ndiyo inayoanza kumpa amri.

Jioni ya tarehe 13 Machi 1944, katikati ya Atlantiki, wakaikuta meli ya mizigo ya Kigiriki iitwayo Peleus. Ilikuwa imetoka Freetown, Sierra Leone, haina shehena, inaelekea Amerika ya Kusini. Ndani yake walikuwa watu zaidi ya 30. Eck akairushia torpido mbili. Meli ikazama kwa dakika chache tu, na wale waliopata nafasi ya kuruka wakashika mbao na vyelezo vya kujiokolea.

Hadi hapo, ndugu zangu, ni vita. Meli ile ilikuwa inawatumikia Waingereza, na watu wa vita hupigana. Sizungumzii hapo. Nazungumzia kilichofuata.

Nyambizi ikapanda juu. Wakawaita watu waliokuwa kwenye chelezo, wakawahoji: meli gani, imetoka wapi, inakwenda wapi. Wakajibiwa. Wakawarudisha kwenye chelezo chao. Kisha nyambizi ikajitenga kidogo, na Eck akawaambia maofisa wake kwamba mabaki yote lazima yazamishwe, maana ndege ikiyaona asubuhi itajua kuna nyambizi karibu. Mabaki maana yake ni mbao, na vyelezo, na vitu vyote vinavyoelea. Juu ya vyelezo wamekaa watu.

Wakarudi. Wakapiga vyelezo kwa bunduki za rashasha, wakatupa na mabomu ya mkono. Ilikuwa usiku, na kazi ile ilichukua saa kama tano. Vyelezo havikuzama, maana vilitengenezwa visizame. Waliokufa ni watu.

Baadaye Eck aliona mabaharia wake wameinamisha vichwa, hawasemi. Akazungumza nao kwa kipaza sauti cha ndani. Aliwaambia wakizidiwa na huruma wawakumbuke wake zao na watoto wao wanaouawa na mabomu nyumbani. Na maneno yale hayakuwa uongo. Hamburg, mji wake, ulichomwa kwa mabomu ya ndege Julai 1943, wakafa watu kwa makumi ya maelfu. Shetani hamshawishi mtu kwa uongo mtupu. Humchukulia msiba wa kweli, akamwekea mkononi, akamwambia huu ndio uhalali wako.

Sasa nakuja kwa mtu ninayemtaka. Mhandisi mkuu wa nyambizi ile aliitwa Hans Lenz. Eck alipotoa uamuzi wake, Lenz alimwendea akamwambia kwamba hakubaliani nao. Alikataa mbele ya nahodha wake, baharini, wakati wa vita. Si jambo dogo. Nahodha akashikilia neno lake, na upigaji ukaendelea. Na kabla usiku haujaisha, Lenz huyohuyo akapanda juu, akachukua bunduki kutoka mikononi mwa baharia, akafyatua yeye mwenyewe.

Nimeisoma kesi hii mara nyingi, na kila nikifika kwake nasimama. Eck namwelewa haraka. Daktari wa nyambizi, Walter Weisspfennig, ambaye naye alipiga risasi, simwelewi kabisa; daktari kapewa kazi ya kufunga vidonda, nani alimwita kwenye bunduki? Lakini Lenz ni sisi. Mdomo wake ulikataa, mkono ukatii. Ni wangapi miongoni mwetu tunahesabu lile neno moja tulilosema kikaoni, "mimi sikubaliani", halafu tukatia saini?

Katika Peleus walibaki watu wanne wenye uhai, wakielea, na mmoja wao akafa baharini baada ya wiki kadhaa. Watatu waliokolewa na meli ya Kireno tarehe 20 Aprili. Hesabuni wenyewe kutoka 13 Machi: siku 38 juu ya chelezo. Mtu aliyekusudia kufuta alama zote aliacha watu watatu wenye ndimi.

U-852 ikaendelea na safari yake. Tarehe 1 Aprili ikaizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian, karibu na rasi ya Afrika Kusini. Ikapinda, ikaingia bahari yetu, ikapanda kaskazini hadi pwani ya Wasomali. Huko, tarehe 2 Mei, ndege za Wellington zilizotoka Aden zikaikuta juu ya maji na kuiangushia mabomu ya kulipukia chini. Ikaumia, ikashindwa kukaa chini. Ikapigana na ndege zikipishana juu yake, hadi tarehe 3 Mei Eck akaipandisha mchangani upande wa kusini wa Ras Hafun, akaamuru ilipuliwe. Watu wake 7 walikufa katika shambulio lile.

Waliobaki, 59, wakatoka majini hadi ufukweni. Tazameni hali ilivyogeuka, subhanallah. Sasa wao ndio wenye nguo zilizolowa, hawana chombo, na wenye bunduki wamesimama juu ya mchanga. Waliokuja kuwakamata ni askari wa Kikosi cha Ngamia cha Somaliland pamoja na mabaharia wa Kiingereza. Wasomali wale walikuwa Waislamu kama sisi. Wakawachukua mateka, wote 59, wakiwa hai. Hakuna aliyesema kwamba hawa ni mabaki yafutwe.

Na katika haraka ile Eck hakuliangamiza daftari lake la safari. Waingereza wakalipata, likawaonyesha nyambizi ilikuwa wapi tarehe 13 Machi. Lile daftari na maelezo ya wale watatu wa kwenye chelezo vilikutana Hamburg, katika mji wake Eck mwenyewe, mbele ya mahakama ya kijeshi ya Waingereza, tarehe 17 hadi 20 Oktoba 1945. Walioshtakiwa ni watano: Eck, ofisa August Hoffmann, daktari Weisspfennig, mhandisi Lenz, na baharia mmoja wa kawaida, Wolfgang Schwender.

Eck, na hili tumpe haki yake, hakumsukumia mtu. Kila mtu pale alitaka kusikia akisema ameamriwa na wakubwa wake wa Berlin. Alisema hapana, uamuzi ulikuwa wangu. Hoja yake ilikuwa dharura: ilinibidi niokoe nyambizi na watu wangu. Mahakama ikauliza swali jepesi. Kama ulitaka kujiokoa, kwa nini ulikaa saa tano mahali palepale? Nyambizi yake ilikwenda juu ya maji mwendo wa karibu noti 19. Kwa saa tano angekuwa mbali kiasi cha maili 90 za baharini. Upande wa utetezi ulimleta nahodha mwingine wa nyambizi, mwenye uzoefu mkubwa, aeleze hatari za bahari ile. Alipobanwa aseme yeye angefanya nini, akakiri kwamba asingefanya vile.

Wale wanne wengine walisema neno lenu: tulitumwa. Jibu la mahakama, kwa maana yake, lilikuwa kwamba baharia hatakiwi kutembea na vitabu vya sheria mfukoni. Lakini kuna amri ambazo ubaya wake uko wazi kwa kila mtu, wala huhitaji kitabu kujua kwamba aliyezamishiwa meli na kushika ubao hapigwi risasi. Eck, Hoffmann na daktari wakahukumiwa kifo, wakapigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Lenz akapewa kifungo cha maisha, Schwender miaka 15. Hawa wawili walitolewa mapema, Schwender mwaka 1951 na Lenz 1952.

Najua atakuja mmoja aseme: shehe, hiyo ni mahakama ya washindi. Mbona Waingereza hawakushtakiwa? Swali halali, na lina habari yake katika bahari yetu. Mwezi mmoja tu kabla ya Peleus, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, I-27. Ndani walikuwemo askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi. Walikufa watu 1,297. Waliobaki walikuwa wanaogelea, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari za Kiingereza zikaangusha mabomu palepale, kati ya watu wao wenyewe. Mzee wetu wa Burma aliijua habari ya meli ile, na hakupenda kuisema.

Mimi siwezi kulitazama tukio lile nikasema ni jepesi. Lakini si sawa na la Eck. Nahodha wa manowari aliilenga nyambizi iliyokuwa ingali hai, ambayo ingezamisha meli nyingine zilizojaa watu, na angeweza kuipiga bila kumgusa mwogeleaji angefurahi. Eck hakuwa na adui yeyote mbele yake usiku ule. Walikuwepo watu wasio na chochote, na kosa lao ni kwamba wanaonekana.

Sasa kwetu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya kikosi alichokituma Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akakiwekea kiongozi na akaamuru atiiwe. Njiani kiongozi akakasirika. Akawaambia wakusanye kuni, wakakusanya. Washeni moto, wakawasha. Ingieni. Wakatazamana. Baadhi wakasema, sisi tulimkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto, tutaingiaje? Wakabaki hivyo hadi moto ukazimika na hasira ya kiongozi ikatulia. Mtume alipoelezwa akasema kwamba lau wangeingia wasingetoka humo tena, na akafundisha kwamba utii uko katika jambo jema tu.

Angalieni walipotii na walipokataa. Kuni walikusanya. Moto waliwasha. Walisimama kwenye ukingo. Hawakuwa waasi. Kila amri ina mahali inapogeuka, na mwenye akili anapajua pale.

Na wanavyuoni wameenda mbali zaidi. Wamekubaliana kwamba hata aliyelazimishwa, si aliyetumwa tu, bali aliyewekewa upanga shingoni, haruhusiwi kumuua asiye na hatia ili yeye apone, kwa sababu nafsi yake si bora kuliko ile nyingine. Walihitilafiana katika kisasi. Abu Hanifa alikiweka kwa aliyelazimisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi'i kauli yenye nguvu ni kwamba kiko kwa wote wawili. Hakuna aliyesema mkono hauna kitu.

Wenzangu wa Ngara hawahitaji kwenda baharini kulijua hili. Aprili 1994, kwa muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuja kwetu, na Benaco ikawa mji kwa siku moja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mto Kagera ulikuwa unabeba maiti hadi ziwani, wavuvi wa Uganda wakawa wazikaji. Waliozitupa maiti zile mtoni, wengi wao waliposhtakiwa baadaye walisema waliamriwa na wakubwa wa serikali. Na mto nao haukufuta kitu. Ulichukua alama ukazipeleka mbele za watu wa nchi nyingine.

Nimalizie na kijana mmoja. Amenipa ruhusa niseme bila jina, na nimebadilisha mambo mawili matatu asijulikane. Alikuwa utingo wa lori. Usiku, dereva wake akamgonga mtu wa baiskeli. Kijana akasema tusimame. Dereva akasema funga mdomo wako, nikisimama hapa wananchi watatuchoma na gari. Hofu, kama ya Eck, na haikuwa ya kubuni. Wakaenda. Waliposimama kwa mara ya kwanza, dereva akamwambia chukua ndoo ukaoshe mbele. Akaosha.

Alikuja kwangu baada ya Ishaa, miezi miwili imepita. Alitaka fatwa: kama aliyesema tusimame ana dhambi. Nilimuuliza nani alishika ndoo. Akalia sana. Sikumhukumu zaidi ya hapo, ila nilimwambia kwamba toba ya haki ya mtu haiishii msikitini, na kwamba nitakwenda naye.

Tukaenda kituo cha polisi, akaandikisha maelezo yake, na ndugu zake wakanilaumu, wakasema nimemtia kijana wao hatarini kwa jambo lililokwisha. Tukaulizia. Yule mtu yu hai. Aliokotwa alfajiri na wapita njia, mguu mmoja hautumii tena. Tukamkuta amekaa nje ya nyumba yake, anachambua maharage. Kijana akajieleza, akasema ni dereva aliyekataa kusimama, yeye alitaka. Yule mtu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: "Nilipoita, ulinisikia?"

Kijana akasema alimsikia.

Kesi iko mahakamani, kwa hiyo msiniulize zaidi juu yake. Maswali ya mirathi yaliyobaki nitayajibu Ijumaa inshaAllah, baada ya swala.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.